Nani Alikula Mbegu? Mjadala wa Ukame, Nafaka na Soko la Kibaigwa

Mvua zikigoma Dodoma, ushauri huwa tayari: limeni mtama, acheni mahindi. Ulitolewa enzi za mkoloni, ukatolewa baada ya Uhuru, na hadi leo hutolewa majukwaani kila chakula kinapopungua. Hata hivyo, ukishuka kwenye barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma, ukaingia soko la mazao la Kibaigwa wilayani Kongwa, magunia yaliyopangwa hadi darini ni ya mahindi. Mtama upo, lakini itabidi uuulizie.

Sidhani kama wakulima hawasikii. Nadhani wanasikia sauti mbili kwa wakati mmoja, ya bwana shamba na ya mnunuzi, na wanajua ipi inalipa ada ya shule. Ili kuipima dhana hiyo nimewakalisha wasemaji wanne. Nimewatunga mwenyewe, ila maneno yao si mageni kwa yeyote aliyewahi kukaa kwenye kivuli cha soko hilo akisubiri mzani. Yupo MAMA, mkulima wa ekari nne. Yupo MFANYABIASHARA anayenunua na kuuza nafaka. Yupo MTAFITI, binti wa mbegu. Na yupo MZEE, aliyekuwa zamani karani wa ghala la Shirika la Usagishaji la Taifa. Mimi nitaingilia nikishindwa kuvumilia.

MTAFITI: Shikamoo mama, shikamoo mzee. Naomba nianze na mmea wenyewe, kwa sababu watu wanasema "mahindi yamekauka" kana kwamba kila siku ya jua huyaua sawasawa. Hindi lina siku zake chache za hatari. Mbelewele humwaga chavua kwa muda wa kama wiki moja, na ndevu zinatakiwa ziwe zimeshatoka kuipokea. Jua likikaza wakati huo, mbelewele hutoka kwa wakati wake lakini ndevu huchelewa. Chavua inapeperuka bure. Ndiyo maana unavuna hindi lenye mapengo hata kama majani yalikuwa ya kijani na jirani alikuwa anakuonea wivu. Mtama hauna papara hiyo. Ukikosa maji unakunja majani, unasimama, na mvua ikirudi unaendelea.

MAMA: Marahaba, mwanangu. Hayo ya mtama nimeyajua kabla hujazaliwa. Sasa niambie habari za kwelea kwelea. Mtama ukianza kujaza punje, nyumba nzima inahamia shambani kuamia ndege, alfajiri mpaka jioni. Watoto hawaendi shule. Mahindi yamevaa maganda yake, ndege hana la kufanya. Halafu nikishavuna mtama wangu, nikaupiga, nikaupepeta, naufikisha kwa huyu bwana, ananiambia weka pembeni kwanza.

MFANYABIASHARA: Mama, usinichongee. Nilisema mtama nauchukua nikipata mteja. Mahindi nayachukua hata usiku wa manane, kwa sababu najua wapi pa kuyapeleka. Wenye mashine za kusaga Dar wanayataka, Arusha wanayataka, Nairobi wanayataka. Mtama nikiupakia lori zima, nauliza: nani atakula?

MZEE: Hilo swali la "nani atakula" si la leo. Nitalirudia.

Hapo tayari naona tumetoka shambani. Binti alizungumzia kiu ya mmea, mama akajibu kwa ndege na mnunuzi. Katika hotuba nyingi za kilimo mambo haya hukaa kwenye sura tofauti, na kila sura ina mtaalamu wake asiyesoma sura ya mwenzake.

MTAFITI: Basi tuseme kuhusu mbegu, maana hapo ndipo ukame unapouma mara ya pili. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili. Zamani kidogo mtu alipanda mara moja.

MAMA: Siku hizi mvua ya kwanza inakudanganya. Inanyesha, ardhi inalowa, tunapanda wote. Inakata. Miche inachomwa. Inanyesha tena, unarudishia. Februari inakata tena. Kwa hiyo mbegu niliyoweka ya kupanda ekari moja, nimeipanda mara mbili na bado shamba lina upara.

MTAFITI: Na ekari moja ya mahindi inataka kilo 8 hadi 10 za mbegu. Ukirudishia nusu ya shamba, umeongeza nusu ya gharama. Maana yake mwaka wa ukame ndio mwaka watu wanahitaji mbegu nyingi zaidi, na ndio mwaka mbegu inakuwa chache, kwa sababu wazalishaji wa mbegu nao wanategemea mawingu yaleyale. Wakala wa Mbegu za Kilimo, ASA, una mashamba kama Msimba kule Kilosa, na umekuwa ukiweka umwagiliaji, lakini mahitaji ya nchi ni makubwa kuliko mashamba hayo. Mbegu haifyatuliwi kiwandani kwa mwezi mmoja. Inaanza kwa mtafiti, inakwenda kuwa mbegu ya msingi, halafu inazalishwa tena ndipo TOSCI, taasisi ya kuthibitisha mbegu, waikague na kuithibitisha. Kila hatua ni msimu. Ukigundua leo kwamba mbegu imepungua, umechelewa kwa misimu kadhaa.

MFANYABIASHARA: Na sehemu kubwa ya mbegu chotara za mahindi tunaitoa nje. Kenya, Zambia. Kukikauka huko, huku bei inapanda hata kama kwetu imenyesha.

MAMA: Mbegu ya dukani kwangu ni ya ekari moja tu, pesa ikiwepo. Nyingine ni yangu.

MTAFITI: Yako ipi, mama? Ndiyo nataka tuisikie hiyo.

MAMA: Ya ghalani. Nachagua mahindi mazuri, na masuke ya mtama natundika juu ya jiko yapate moshi.

MZEE: Kwa Wagogo kulikuwa na kilindo, ghala la gome la mti. Nafaka ya kula na nafaka ya mbegu hazikulala pamoja. Mtu aliyegusa ya mbegu alionekana ameshindwa na maisha.

MAMA: Mzee, kilindo hakikuzuia mtu kula mbegu. Njaa ikibisha hodi, mbegu inaliwa. Mimi nimeila. Nikivuna kidogo mwezi wa sita, nauza sehemu kwa sababu deni halisubiri. Mwezi wa kumi ghala limebaki na ile niliyoitenga. Watoto wananiangalia. Utafanyaje, uwaambie hiyo ni ya Desemba?

MFANYABIASHARA: Halafu Novemba wanakuja kwangu.

MTAFITI: Kununua chakula?

MFANYABIASHARA: Kununua mbegu! Wewe binti unafikiri mbegu inauzwa kwenye duka la pembejeo tu. Mwezi wa kumi na moja mtu anakuja kwenye magunia yangu, anatumbukiza mkono, anachambua punje moja moja kiganjani, ananiuliza, "Haya yametoka Kiteto au yametoka Songea?" Huyo hataki ugali. Huyo anataka kwenda kupanda.

MTAFITI: Na unamjibu nini?

MFANYABIASHARA: Namjibu ukweli nikiujua. Mara nyingi siujui. Gunia limepita mikono mitatu kabla halijanifikia.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu jambo hili kwangu ndilo kiini cha mjadala, na halisemwi ipasavyo. Sehemu kubwa ya mbegu wanazopanda wakulima wadogo Afrika haitoki kwenye mifuko yenye lebo. Inatoka ghalani kwao, kwa jirani na kwenye gunia la sokoni. Kwa hiyo mfanyabiashara wa nafaka, apende asipende, ni msambazaji wa mbegu. Mwaka wa neema kazi hiyo ni ndogo. Baada ya ukame, maghala yanapokuwa matupu, soko la nafaka ndilo linaloamua wilaya nzima itapanda nini.

MTAFITI: Na hapo ndipo balaa linapoingia. Mahindi ya Songea au Njombe mengi ni ya muda mrefu, yanataka miezi mitano au sita na mvua za nyanda za juu. Ukiyapanda Kongwa, Machi yatakuwa bado yanarefuka wakati mvua inaaga. Na kama ni chotara, punje ya kizazi cha pili haitoi kama mama yake. Mkulima aliyeponea ukame mwaka jana anapanda mbegu ya kuukaribisha ukame mwaka huu, na hajui. Sisi tunazo za muda mfupi. Kuna Situka kwa mahindi. Kwa mtama tunazo Macia, Wahi na Hakika, na hizo mbili za mwisho zinavumilia hata gugu la kiduha.

MAMA: Mnazo wapi?

MTAFITI: Zipo vituoni kwetu vya utafiti, Hombolo, Ilonga...

MAMA: Nauliza dukani Kibaigwa, mwezi wa kumi na moja.

MFANYABIASHARA: Nimsaidie binti. Dukani zipo kidogo au hazipo, na sababu ni biashara. Mtama ekari moja unataka kilo 3 au 4 tu za mbegu. Mtu akiinunua Macia leo, anaweza kutunza ya kwake akapanda tena mwakani na mwaka unaofuata, inatoka ileile. Kampuni gani itajenga ghala kwa mteja anayenunua kilo 4 halafu anapotea miaka minne? Chotara ya mahindi mteja analazimika kurudi kila mwaka. Hapo pana biashara.

MTAFITI: Ndiyo maana tukaanzisha mbegu za daraja la kuazimiwa. Mkulima wa kijijini anafundishwa, anazalisha, anakaguliwa, anauzia majirani. Bei ni nafuu na mbegu haisafiri mbali.

MAMA: Huyo wa kijijini kwetu alizalisha. Ukame ulipokuja naye aliila.

Binti hakuwa na jibu la haraka, na mimi sina la kumwazima. Mbegu iliyozalishwa kijiji kimoja inakufa pamoja na kijiji hicho. Akiba ya mbegu lazima ilale mahali ambapo mvua yake si ileile. Serikali ina Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, wa kutunza nafaka ya kula, lakini mkulima wa Kongwa aliyekula mbegu yake akipewa msaada, mara nyingi anapewa chakula cha kumfikisha Machi, si cha kumfikisha mavuno. Akipewa mbegu, huja Januari, wakati mvua ya kupandia imeshapita.

MZEE: Sasa mnaniruhusu nirudi kwenye swali la nani atakula? Mwaka 1974 mimi nilikuwa kijana. Ukame ulipiga mfululizo, nchi ikatumia fedha zake za kigeni kununua nafaka nje. Tulikula unga wa njano ambao mitaani uliitwa "yanga". Ikatangazwa Kilimo cha Kufa na Kupona. Serikali ikafanya hasa haya mnayoyaota: ikapandisha bei ya mtama, uwele na muhogo, na Shirika la Usagishaji likaamriwa kununua.

MTAFITI: Wakulima walilima?

MZEE: Walilima! Nani kasema mkulima hasikii? Bei ilisema, wakasikia. Mtama ukaja kwa malori. Muhogo mkavu ukaja. Tukapanga mpaka juu. Halafu mijini hawakuutaka, walitaka sembe. Shirika likabaki na shehena lisizoweza kuuza. Nilihesabu magunia ya mtama yanayobunguliwa. Baadaye bei ikaachwa ishuke, na watu wakarudi kwenye mahindi.

MFANYABIASHARA: Ndicho ninachosema siku zote!

MZEE: Usishangilie. Sisemi mtama hauuziki. Nasema tulimlipa mkulima tukamsahau mlaji.

MFANYABIASHARA: Wakenya walimpata mlaji. Walimpa bia. Senator Keg, tangu 2004, wakasamehe kodi ili bia hiyo iwe rahisi kuliko chang'aa, na baadaye ikatengenezwa kwa mtama. Wakulima wa Kitui, Tharaka na kwingineko wakapanda mtama mweupe kwa mkataba. Mwaka 2013 serikali ikarudisha nusu ya ule ushuru. Bia ikapanda bei, wanywaji wakakimbia, mikataba ya mtama ikayeyuka. Mvua haikuhusika hata kidogo.

MAMA: Kwa hiyo mtama unaovumilia jua ukauawa na karatasi.

MFANYABIASHARA: Karatasi zimeniua na mimi. Tukiongea soko tuongee mpaka. Serikali yetu ilizuia mahindi kutoka nje ya nchi mwaka 2008, ikazuia 2011, ikazuia tena 2017. Kila mara sababu ni njaa. Mkulima anasubiri miaka mitatu bei ipande, siku ikipanda geti linafungwa. Nani atanunua mbegu bora na mbolea kwa soko la namna hiyo?

MAMA: Mimi nilifurahi.

MFANYABIASHARA: Mama?

MAMA: Mwaka wa ukame mimi siuzi mahindi, bwana. Nauza nini? Nanunua debe kwako. Ukipeleka yote Nairobi, debe linapanda na mimi nauza mbuzi. Geti likifungwa, debe linashuka. Mnaposema "mkulima anaumia", semeni ni mkulima yupi. Yule wa Sumbawanga ana cha kuuza. Mimi mwaka huo ni mnunuzi kama mtu wa mjini.

Jibu hili linawakera wachumi wengi, na mama ana haki. Ila nitamwongezea moja. Aliyezuiwa kuuza Sumbawanga mwaka wa bei nzuri, msimu unaofuata hupunguza eka au huacha mbolea, na mahindi anayoacha kulima ni yaleyale ambayo mama angeyanunua Kibaigwa mvua zikigoma tena. Kufunga mpaka kunamlisha mama leo kwa kukopa kwenye mavuno ya kesho.

MFANYABIASHARA: Tazameni 2024. Zambia ilipigwa na ukame, Februari rais wao akatangaza janga la taifa. Hekta kama milioni moja kati ya milioni 2.2 zilizopandwa mahindi ziliharibika. Sisi tulikuwa na akiba, NFRA ikasaini kuwauzia tani 650,000. Ukame wa mwenzako ukiwa na akiba ni bei yako.

MZEE: Na ukame wa kwako usipokuwa na akiba ni kaburi lako. Wazee wetu walituhadithia Mtunya, njaa ya Ugogo baada ya majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza kupita hapa. Mvua zilikosekana, kweli, lakini kabla ya hapo Wajerumani na Waingereza walishachukua nafaka na ng'ombe. Maghala yalikuwa yameshakombwa ukame ulipofika.

MTAFITI: Kuna jambo la akiba tusilisahau. Hindi lililoteswa na ukame likiwa shambani hushambuliwa kirahisi na ukungu unaotoa sumukuvu. Likianikwa chini na kuwekwa na unyevu, inazidi. Kenya mwaka 2004 waliugua watu 317, wakafa 125, wengi Makueni na Kitui. Huku kwetu mwaka 2016, Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafa. Na Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu na ya Uganda kwa hoja hiyohiyo, siku chache baadaye ikafungua kwa masharti.

MFANYABIASHARA: Siku chache kwa mwenye lori barabarani Namanga si chache.

MTAFITI: Basi nunua kipima unyevu.

MFANYABIASHARA: Nikikinunua peke yangu, muuzaji atakwenda kwa jirani asiye nacho.

MZEE: Tumalize. Mama, ungetaka nini ili mwakani ekari mbili kati ya zako nne ziwe mtama?

MAMA: Mbegu mwezi wa kumi, kabla ya vumbi kulowa. Na bei niijue siku napanda, si siku navuna.

MFANYABIASHARA: Bei siku ya kupanda? Nikikuahidi, mvua ikagoma ukaniletea magunia mawili, na mimi nimeshamwahidi mteja ishirini, utanilipa nini?

MAMA: Na mvua ikiwa nzuri, kila mtu akavuna, bei ikaporomoka, utanilipa nini mimi?

MTAFITI: Bima. Kenya walianza Kilimo Salama mwaka 2009, bima ikiuzwa pamoja na mbegu na mbolea, malipo yakitumwa kwa simu kulingana na kipimo cha mvua.

MAMA: Kipimo kiko wapi? Maana kwetu inanyesha ng'ambo ya mto na kwangu hainyeshi.

Swali hilo wenye bima wanalijua na bado linawasumbua, hata baada ya kuhama kutoka kipimo cha mvua hadi picha za setilaiti. Mimi ningeanza kwingine, kwa mlaji ambaye Mzee anasema alisahauliwa. Serikali inalisha watu kila siku: shule za bweni, magereza, kambi za jeshi. Mikoa ya kati ikitangaza zabuni ya mtama kila Oktoba, yenye kiasi na bei, mfanyabiashara atakuwa na karatasi ya kupeleka benki, duka litakuwa na sababu ya kuweka kilo nne za Macia, na NFRA itapata mahali pa kuzungushia mtama wake kabla haujabunguliwa.

MZEE: Watoto wataukataa ugali mweusi. Nimewaona watu wazima wakiukataa.

MAMA: Wanaukataa mtama uliosagwa na maganda yake. Ukobolewe kwanza. Nani ana mashine ya kukoboa mtama hapa?

MFANYABIASHARA: Inapatikana. Zabuni ikiwa ya miaka mitatu nitaileta. Ya mwaka mmoja, siileti.

MAMA: Basi iandikwe miaka mitatu. Na iandikwe kwamba mwaka wa mvua nzuri hamtanigeuka bei.

MFANYABIASHARA: Na mwaka wa ukame hutaniuzia pembeni?

MAMA: Mwaka wa ukame nitabakiza mbegu kwanza. Hilo nalo liandikwe.